Muhuri au Alama? Historia Fupi ya Kuandika Wakati, Kutoka Posta hadi Kompyuta

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo wafasiri wa nyaraka za serikali hutuletea mara kwa mara, limo moja ambalo kwa sura yake ni dogo na jepesi. Nalo ni jina la ile tarehe na saa ambayo kompyuta huiandika yenyewe kando ya kila kumbukumbu: saa ombi lilipopokewa, saa fedha zilipolipwa, saa faili lilipobadilishwa. Waingereza wameliunda jina lao kwa kuunganisha neno lenye maana ya wakati na neno lenye maana ya kugonga chapa juu ya karatasi. Wafasiri wetu wengine huandika "muhuri wa wakati", wengine "alama ya wakati", na wako waliojaribu "stempu ya wakati".

Mtu aweza kusema kwamba haya ni mapendeleo ya masikio tu, na kwamba lolote litakalozoeleka litafaa. Sisi hatuoni hivyo. Neno "muhuri" katika ofisi zetu lina uzito wake. Hati yenye sahihi na muhuri ni hati ambayo yupo mtu aliyekubali kuulizwa juu yake. Tukiipa kompyuta neno hili, tutakuwa tumeipa pia dhamana ambayo pengine haistahili. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua istilahi, yafaa tuitazame historia ya kitu chenyewe, tujue kilizaliwa kwa haja gani, kinaweza kushuhudia nini, na ushahidi wake hukoma wapi.

Chapa ya posta

Mwaka 1661 Henry Bishop, aliyekuwa mkuu wa posta ya Uingereza, alikabiliwa na malalamiko kwamba barua za watu zilikuwa zikicheleweshwa. Dawa aliyoibuni ilikuwa chapa ndogo ya duara, iliyogawanywa kwa mstari katikati, yenye herufi za mwezi na tarakimu za siku. Kila barua iliyofika ofisini iligongwa chapa hiyo, ili asiwepo mchukuzi atakayethubutu kukaa nayo.

Tukiichunguza chapa hiyo tutaona mambo matatu. Kwanza, haikuwekwa ili kusimulia habari za barua, bali ili kumbana mtumishi. Pili, haikusema barua iliandikwa lini. Ilisema tu ni siku gani ilipofika mezani pa karani. Tatu, haikuwa na mwaka. Kwa haja ya Bishop, mwaka haukuhitajika, maana hakuna aliyetazamia kwamba barua ingekaa njiani miezi 12. Lakini mwanahistoria anayeokota bahasha ile leo hupata siku na mwezi, kisha huachwa akikisia mwaka kwa njia nyingine. Hapa pana kanuni tutakayoiona tena na tena: alama ya wakati hutengenezwa kwa haja ya siku yake, nayo hushindwa siku inapoulizwa swali ambalo haikukusudiwa kulijibu.

Zaidi ya miaka 200 baadaye, mwaka 1888, Willard Bundy, sonara wa mji wa Auburn katika jimbo la New York, alibuni saa ya kuandikisha mahudhurio ya wafanyakazi. Mfanyakazi aliingiza ufunguo wenye namba yake, na mtambo ukachapa namba hiyo pamoja na saa juu ya utepe wa karatasi. Karani aliyegonga chapa akawa ametoweka, na saa ikawa inashuhudia peke yake. Ilishuhudia, hata hivyo, juu ya ufunguo. Haikujua ni mkono wa nani ulioushika. Kampuni ya Bundy ilikuwa mojawapo ya mashina ya kampuni iliyoundwa kwa muungano mwaka 1911, ambayo mwaka 1924 ilichukua jina la International Business Machines, yaani IBM. Kwa hiyo tukisema kwamba kompyuta ina undugu na saa ya mlangoni mwa kiwanda, hatusemi kwa mafumbo.

Kompyuta huhesabu tu

Watu wengi hudhani kwamba ndani ya kompyuta mna kalenda. Mara nyingi sivyo. Kwa kawaida mfumo hutegemea kihesabio kinachoongeza moja baada ya moja tangu mwanzo uliokubaliwa, na kalenda hupatikana baadaye kwa kugawanya na kujumlisha. Jambo hili si geni kwa watu wa pwani yetu. Mabaharia na wakulima wa Uswahilini walihesabu siku za mwaka kwa miongo, kumi kumi, tangu siku ya Nairuzi. Na aliyesema kwamba tumo katika mwongo wa mia hakuhitaji jina la mwezi wowote ili aeleweke. Tofauti ni kwamba baharia alianza upya kila Nairuzi, ilhali kompyuta haianzi upya mpaka nafasi ya kuandikia imeisha.

Mfano ulio mashuhuri ni wa mfumo wa Unix, ulioanzishwa na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao katika maabara ya Bell nchini Marekani. Kitabu cha maelezo ya mfumo huo cha Novemba 1971 kilieleza kwamba wakati ulihesabiwa tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1971, kwa vipande vya sekunde ambavyo 60 kati yake hufanya sekunde moja. Nafasi iliyotengwa ilikuwa ya biti 32, nayo kwa mwendo huo ingejaa kwa muda wa siku 829 hivi, yaani pungufu ya miaka miwili na nusu. Baadaye waundaji waliacha vile vipande wakahesabu sekunde nzima, na mwanzo wa hesabu ukawekwa tarehe 1 Januari 1970, saa 6 usiku kwa saa ya Greenwich. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa 9 usiku.

Marekebisho hayo yaliirefusha kamba, lakini hayakuondoa ncha yake. Katika mifumo inayotumia biti 32 na kuacha moja kwa ajili ya alama ya hasi, namba kubwa kabisa inayoweza kuandikwa ni 2,147,483,647. Sekunde hiyo itafika Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde itakayofuata, mtambo ambao haujarekebishwa utarudi mwaka 1901. Mifumo mingi mipya imekwisha kupewa biti 64, lakini mitambo midogo iliyofichwa ndani ya vyombo vingine hukaa miaka mingi bila kuguswa. Wenye umri watakumbuka hofu ya mwaka 2000, iliyotokana na mazoea ya kuandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Bishop aliacha mwaka wote. Waandishi wa programu waliacha karne. Kosa ni lile lile, na sababu ni ile ile ya kubana nafasi kwa kuamini kwamba swali halitaulizwa.

Mipaka ya ushahidi wa saa

Mpaka wa kwanza ni usahihi wa saa yenyewe. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Iraki lilipiga kambi ya askari wa Marekani huko Dhahran, Saudia, likaua watu 28. Mtambo wa kujikinga wa Patriot uliokuwapo haukulizuia. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulionyesha kwamba mtambo huo ulihesabu wakati kwa vipande vya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sasa, sehemu moja ya kumi haiwezi kuandikwa kwa ukamilifu katika hesabu ya kompyuta inayotumia 0 na 1 pekee, kama vile theluthi isivyoweza kuandikwa kwa ukamilifu katika desimali zetu. Kila hesabu ilipunguka kidogo mno. Lakini mtambo ulikuwa umewashwa kwa muda wa saa 100 hivi, na upungufu ukafikia takriban sehemu 34 za mia za sekunde. Kwa kombora linalokwenda zaidi ya meta 1,600 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya nusu kilometa, na mtambo ukawa unatazama mahali pasipo na kitu.

Mpaka wa pili ni tukio lenyewe. Alama ya wakati hudai kwamba tukio ni nukta moja, ilhali matukio mengi yana mwanzo, kati na mwisho. Historia ya Zanzibar ina mfano mzuri. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilianza kulipiga jumba la Sultani saa 3 na dakika 2 asubuhi, muda waliompa Khalid bin Barghash ulipokwisha. Vita hivyo hutajwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia, lakini vitabu havikubaliani juu ya urefu wake: vingine husema dakika 38, vingine 40, vingine 45. Saa za mabaharia si lazima ziwe mbovu. Tatizo ni swali. Je, vita huisha mzinga wa mwisho unapolia, au bendera inaposhushwa, au aliyeshindwa anapokimbia?

Katika kazi yetu sisi wenyewe tumeuonja ugumu huu. Ofisi moja ilituletea nakala mbili za orodha ya istilahi, nasi tukaulizwa ni ipi iliyopitishwa mwisho. Tulitazama tarehe zilizoandikwa na kompyuta, tukakuta faili lililorekebishwa mwezi mmoja kabla ya kuundwa, kana kwamba mtoto amemtangulia mama. Ilichukua muda kutambua kwamba hapakuwa na uongo wowote. Faili lilikuwa limenakiliwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Mtambo ukaandika siku ya kunakili kuwa ndiyo siku ya kuzaliwa kwa nakala ile, na ukaihifadhi tarehe ya marekebisho ya zamani. Kila tarehe ilikuwa kweli kwa swali lake, lakini hakuna iliyojibu swali letu. Mwisho tulilazimika kumtafuta katibu wa kikao na daftari lake la kumbukumbu.

Mpaka wa tatu ni mahali. Zamani kila mji ulikuwa na adhuhuri yake, na haja ya saa moja kwa nchi nzima ililetwa hasa na reli. Mkutano wa Washington wa Oktoba 1884 uliichagua Greenwich iwe mahali pa kuanzia kuhesabu longitudo na siku ya dunia. Hata baada ya hapo saa za nchi ziliendelea kubadilishwa kwa amri za serikali. Katika enzi ya ukoloni kulikuwa na miaka ambapo saa rasmi ya Kenya ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na nusu, na mingine kwa saa 2 na dakika 45, kabla ya kutulia katika saa 3 tuzijuazo. Kwa hiyo tarehe na saa bila kutaja ni saa ya wapi, ni ushahidi nusu. Hata hivyo mfumo wa mafaili uliotumiwa na kompyuta ndogo za miaka ya 1980 uliandika saa ya mahali bila kusema ni mahali gani, tena uliziandika sekunde mbili mbili, hata isiwezekane tukio kutokea katika sekunde ya witiri.

Mpaka wa nne unatoka kwa dunia yenyewe. Tangu 1967 sekunde haipimwi tena kwa mzunguko wa dunia, bali kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi ya sesiamu. Dunia haina uthabiti wa atomi. Basi ili saa za atomi zisiachane na jua, kati ya mwaka 1972 na 2016 ziliongezwa sekunde 27 za nyongeza, moja moja. Hesabu ya Unix haina nafasi ya sekunde hizo, kwa kuwa huichukulia kila siku kuwa na sekunde 86,400 kamili. Hivyo usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2017 ilitokea sekunde ambayo katika hesabu hiyo haina namba yake yenyewe. Mitambo mingine ilirudia namba moja mara mbili, na mingine ilizinyoosha sekunde za karibu ili kuificha. Novemba 2022 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua kwamba tofauti inayokubaliwa kati ya saa za atomi na dunia ipanuliwe ifikapo 2035 au kabla.

Mpaka wa tano ndio unaowahusu zaidi mahakimu na wakaguzi, nao ni utaratibu wa kutangulia na kufuata. Kompyuta mbili haziwi na saa inayolingana kabisa. David Mills na wenzake walibuni katika miaka ya 1980 utaratibu wa kompyuta kuulizana saa na kujirekebisha, ambao hadi leo unatumika kote. Nao hupunguza tofauti, hauiondoi. Leslie Lamport, katika makala yake ya mwaka 1978, alionyesha kwamba mara nyingi hatuhitaji saa ili kujua lililotangulia. Ujumbe hauwezi kupokewa kabla haujapelekwa. Basi kupeleka kumetangulia, hata kama saa ya mpokeaji inasema vingine. Na matukio mawili yasiyoweza kuathiriana hayana la kwanza wala la pili ambalo mfumo wenyewe waweza kulithibitisha. Anayezilinganisha alama za mitambo miwili na kusema, "Huyu alianza, maana ametangulia kwa sekunde moja," huenda anazipima saa, hawapimi watu.

Muhuri ulio muhuri kweli

Ipo, hata hivyo, aina moja ya alama ya wakati inayostahili jina kubwa zaidi. Mwaka 1991 Stuart Haber na W. Scott Stornetta walichapisha njia ya kuithibitisha tarehe ya hati ya kompyuta bila kuitegemea saa ya mwenye hati. Hati hupitishwa katika hesabu maalumu inayotoa mfululizo mfupi wa tarakimu. Ikibadilishwa herufi moja tu, mfululizo nao hubadilika. Mfululizo huo hupelekwa kwa mtu wa tatu, naye huufungamanisha na ile iliyoutangulia, kama kurasa za kitabu cha stakabadhi zenye namba zinazofuatana, hata isiwezekane kuchomeka ukurasa katikati. Tangu 1995 muhtasari wa mfungamano wa aina hii ulitangazwa kila wiki katika gazeti la New York Times, ili umma wote uwe shahidi.

Hapa yupo anayethibitisha, upo utaratibu wa kumhoji, na udanganyifu huacha nyayo. Lakini hata muhuri huu una mpaka. Unathibitisha kwamba hati ilikuwapo kabla ya saa fulani kupita. Hauthibitishi kwamba iliandikwa saa hiyo, wala kwamba yaliyomo ni kweli. Tumerudi kwa Bishop: chapa ilisema barua imefika mezani, basi.

Pendekezo letu

Maneno tuliyo nayo yanatosha, ilimradi tuyagawie kazi. "Stempu" tuiache kwa posta, kwa kuwa kwa Waswahili ni kile kikaratasi cha kubandika bahashani. "Alama ya wakati" liwe jina la tarehe na saa ambayo mtambo huiandika wenyewe. Alama huonyesha, haiapi. "Muhuri wa wakati" tuutunze kwa ile iliyothibitishwa na mtu wa tatu kwa njia inayoweza kukaguliwa. Hivyo tutakuwa na dhana mbili zenye majina mawili, mahali ambapo Waingereza hulazimika kuongeza kivumishi ili wasichanganye.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu wakati umefika. Tanzania ilitunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015, na kumbukumbu za kompyuta zikapata njia ya kuingia mahakamani. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Mambo haya mawili yanakutana katika sentensi moja ya hukumu. Hakimu akisoma kwamba malipo "yana muhuri wa wakati wa saa fulani", atakuwa amekwisha kuelekezwa upande mmoja kabla shahidi hajafungua kinywa. Akisoma "alama ya wakati", atauliza: ni alama ya saa ipi, iliyowekwa na nani, na juu ya tukio gani? Maswali hayo ndiyo haki ya mtuhumiwa.

Kwa wafasiri tunaongeza tahadhari mbili. Ya kwanza ni saa zetu. Mtambo ukiandika 20:00, usifasiriwe kwa "saa 20" wala kuachwa mtupu. Iandikwe namba ya mtambo, ikifuatwa na saa ya Kiswahili: 20:00, yaani saa 2 usiku. Ya pili ni siku. Kwa hesabu ya wazee siku huanza magharibi, na "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoitangulia Ijumaa. Kwa hesabu ya mtambo siku hugeuka saa 6 usiku. Tangazo linalosema maombi yafike "kabla ya usiku wa Ijumaa" linaweza kumnyima mtu kazi kwa kosa la mfasiri. Iandikwe tarehe, na saa, na ikibidi "usiku wa kuamkia".

Walimu nao wanaweza kutusaidia. Mwanafunzi akifundishwa mapema kwamba tarehe iliyoandikwa na mtambo ni jibu la swali fulani, atakua na desturi ya kulitafuta swali hilo. Tunawaomba wasomaji watuletee maoni yao juu ya pendekezo hili, pamoja na mifano ya matumizi wanayokutana nayo kazini, ili istilahi zitakapopelekwa kusanifiwa ziwe zimepimwa kwa mizani ya watumiaji wenyewe.